Machale na sauti ya ndani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yaliyomo hapa ni ya maswali ambayo nimeulizwa kwa miaka mingi, barazani, wodini na hata ndani ya kivuko cha Likoni, kuhusu ile hali ya mtu kujua jambo kabla hajajua amelijuaje. Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka 20, na kazi hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuisoma habari hii kwa makini. Swali ambalo watu hulirudia sana nimelijibu kwa kirefu, na lile lisilohitaji maneno mengi sikulirefusha.

Machale ni nini hasa?

Tunasema machale yamemcheza mtu, au moyo wake umekataa, au roho imesita, na misemo yote hiyo inaeleza hali moja: uamuzi umekwisha kufika ilhali sababu zake bado ziko njiani. Mtu anajua, lakini ukimwuliza amejuaje hana la kukujibu. Maelezo ninayoyaona kuwa sahihi zaidi ni ya Herbert Simon, msomi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, ambaye alishikilia kwamba hisia ya namna hii ni kule kutambua tu, wala hakuna zaidi. Hali iliyo mbele yako ina dalili fulani, dalili hiyo inaamsha jambo ulilokwisha kulihifadhi kichwani, na jambo hilo linakupa jibu.

Mwaka 1973 Simon na mwenzake William Chase walichapisha majaribio waliyowafanyia wachezaji wa sataranji. Bingwa aliyeonyeshwa kwa sekunde 5 ubao uliotoka katika mchezo halisi aliweza kuzirudisha kete nyingi mahali pake, na anayejifunza alikumbuka chache tu. Kete zilipotawanywa ubaoni ovyo, bingwa hakumpita mwanafunzi kwa lolote la maana. Ikadhihirika kwamba bingwa hakuwa na kumbukumbu ya ajabu, bali alikuwa amehifadhi mipangilio mingi mno aliyoiona katika michezo ya miaka yote. Aliyewahi kukaa kuwatazama wazee wakicheza bao hatalishangaa jambo hili, kwa sababu mkono wa mzoefu hufika shimoni mgeni akiwa bado anahesabu kete.

Je, ni ilhamu kutoka kwa Mungu, ni ramli, au ni jambo la kisayansi?

Wengi wanaoniuliza swali hili ni waumini, nami ni mmoja wao, kwa hiyo ninalijibu kwa adabu yake. Mwislamu anayeswali rakaa mbili za istikhara kabla ya kuoa au kusafiri, na Mkristo anayefunga na kuomba kabla ya kukata shauri, hawafanyi jambo linalopingana na yaliyoandikwa hapa. Istikhara ni kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lenye kheri, na walimu wetu hufundisha kwamba huenda pamoja na kutaka ushauri wa wenye ujuzi na kulichunguza jambo lenyewe. Ilhamu ni ya imani, na sitaipima kwa mizani ya maabara. Ninachokieleza ni ile sehemu ya kujua ambayo kila mtu anayo, awe anaswali au haswali, na ambayo huweza kunolewa au ikaachwa ikawa butu.

Ramli iko mbali kabisa na haya. Mpiga ramli hudai kuyajua asiyoyaona. Machale hutokana na yale uliyoyaona bila ya kutambua kwamba umeyaona.

Kwa nini machale huhisiwa tumboni na kifuani?

Ubongo na viungo vya ndani huzungumza mfululizo. Kuta za utumbo zina mtandao wake wa chembe za neva zinazozidi milioni 100, na neva ya vagasi, inayoteremka kutoka ubongoni hadi tumboni, hupeleka juu habari nyingi kuliko inazoteremsha. Kwa hiyo mtu anaposema tumbo lilimsokota alipoingia chumbani, anaeleza jambo la mwili, wala si tamathali tu.

Jaribio linalotajwa sana lilifanywa katika Chuo Kikuu cha Iowa na Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1997. Washiriki walifungua karata kutoka mafungu manne, mawili yakiwa ya hasara ya muda mrefu na mawili ya faida. Walipokwisha kufungua karata 10 hivi, viganja vyao vilianza kutoa jasho kidogo kila walipoelekeza mkono kwenye mafungu mabaya, na ilipofika karata ya 50 hivi ndipo waliposema kwamba wanahisi kuna tatizo. Ni haki kuongeza kwamba mwaka 2004 watafiti wengine walionyesha kuwa washiriki wakiulizwa kwa undani zaidi hujua mapema kuliko ilivyodhaniwa, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba mwili hutangulia akili kila mara. Utafiti mwingine, wa mwaka 2016, uliwahusu wafanyabiashara 18 wa masoko ya fedha mjini London, na ukaonyesha kwamba waliokuwa hodari wa kuhesabu mapigo ya moyo wao wenyewe bila kujigusa ndio waliopata faida kubwa zaidi. Watu 18 ni wachache, lakini matokeo hayo yanalingana na ninachokiona kazini: anayejua mwili wake umetulia au umekaza huipata habari mapema.

Nitajuaje kwamba ni machale wala si wasiwasi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na kwa haki, kwa sababu mtu anayechanganya mawili haya ama ataishi kwa hofu, ama atapuuza onyo la kweli. Lugha yetu imetusaidia kwa kutupa majina mawili. Wasiwasi ni neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya mnong'ono unaorudiarudia, na ndivyo ulivyo: ukiujibu hoja moja unaleta ya pili, ukiujibu ya pili unairudia ya kwanza, na usiku ukiingia unazidi. Machale husema mara moja au mbili, kwa ufupi, kisha hukaa kimya yakikungoja. Wasiwasi huhusu yale yanayoweza kutokea kesho na keshokutwa, na machale kwa kawaida huhusu kitu kilichopo mbele yako sasa hivi.

Nitoe mfano. Mama mmoja anayeishi ng'ambo ya Likoni humwogopea mwanawe kila asubuhi anapovuka na kivuko kwenda kazini, na humwogopea vilevile kukiwa na mvua au jua, awe ameondoka mapema au amechelewa. Huo ni wasiwasi, kwa sababu haubadiliki hali inapobadilika. Asubuhi moja mwanawe yule yule anamwambia, "Niko sawa, mama, usijali," anatoka, na mama anabaki amesimama jikoni moyo ukimwenda mbio. Akijiuliza ameona nini, jicho lake linakwenda mezani: mahamri mawili hayajaguswa na chai imeganda utando juu, na kijana huyo hajawahi kutoka nyumbani bila kula. Hayo ni machale. Yana mahali pa kushika, na mama anaweza kumpigia simu jioni na kumwuliza swali la maana.

Kwa hiyo kipimo ninachokitumia ni kuuliza, "Ni nini nilichokiona, nilichokisikia au nilichokinusa?" na kusubiri kwa subira. Machale yakiulizwa hivyo mara nyingi huonyesha kidole, hata kama ni baada ya saa nzima. Wasiwasi ukiulizwa huongeza sauti tu. Tazama pia hali ya mwili wako, kwa maana mtu mwenye njaa, aliyekesha au anayetoka kugombana atahisi ubaya popote atakapogeuka, na hisia hiyo haifai kuamuliwa nayo jambo lolote mpaka ale na alale.

Mpaka kati ya mawili haya hauko wazi kila wakati, na liko jambo moja ambalo sitaki msomaji alingojee kipimo. Panapohusika usalama wa mwili, usikae kutofautisha. Ukiingia kwenye matatu usiku ukakuta watu watatu walionyamaza ghafla, shuka. Ukikosea umepoteza nauli na dakika 10, na mtu uliyemdhania vibaya hatajua kamwe.

Kwa nini watu wengine wana machale makali kuliko wengine?

Mjomba wangu alikuwa mvuvi upande wa Likoni, na nilipokuwa na umri wa miaka 13 nilikuwa nikimpelekea chai pwani siku za likizo. Asubuhi moja ya mwisho wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na anga halina wingu la kutajika, alisimama maji yakimfika magotini, akaushika ubavu wa ngalawa, akanyamaza muda mrefu. Kisha akawaambia vijana wake, "Wanangu, rudisheni nyavu. Leo hatutoki." Hakueleza, nao walinung'unika, kwa sababu vyombo vya wenzao vilikuwa vimekwisha kutweka tanga. Saa tisa alasiri upepo uligeuka, tufani ya mvua ikaja kutoka kusini, na waliotoka walirudi wamelowa wakiyafua maji kwa makopo.

Usiku nilimwuliza, "Mjomba, ulijuaje?" Alifikiri kama mtu anayetafuta kitu mfukoni, kisha akasema kwamba upepo ulikuwa bado wa kaskazi, lakini mawimbi yaliyomgusa magoti yalitoka kusini, tena yalikuwa marefu, na kati ya moja na jingine palikuwa na nafasi. "Miguu ilijua," akasema. "Mimi nimejua sasa hivi uliponiuliza."

Mwaka 2009 Daniel Kahneman na Gary Klein, wanasaikolojia wawili waliojulikana kwa kutokubaliana juu ya suala hili, waliandika makala pamoja baada ya majadiliano ya miaka kadhaa, na wakakubaliana kwamba hisia ya mzoefu huaminika pakiwapo masharti mawili. La kwanza ni kwamba jambo lenyewe liwe na utaratibu, ili dalili ya leo iwe na maana ile ile kesho. La pili ni kwamba mtu awe amepata muda na nafasi ya kujifunza utaratibu huo, na hasa awe anapata majibu ya haraka kila anapokosea. Bahari ya mwambao wetu inatimiza yote mawili. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku na huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, hufuata mwezi, na kaskazi humpisha kusi kila mwaka. Anayekosea hupata jibu kabla ya jua kuchwa. Mjomba alikuwa amesahihishwa na bahari kwa miaka 30.

Mjomba huyo huyo aliuziwa mtambo wa boti uliokufa, na baada ya miaka miwili akauziwa mwingine na mtu yule yule. Hakuwa na machale ya biashara hata kidogo, kwa sababu hakuwa na shule yake. Ndiyo maana sipendi kusema kwamba mtu fulani "ana machale" kana kwamba ni macho ya rangi fulani. Huuliza ana machale ya nini.

Klein na wenzake waliwahoji pia wauguzi waliowatunza watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati, ambao baadhi yao walitambua kwamba mtoto ameingiwa na maambukizi ya damu kabla vipimo havijaonyesha kitu. Mwanzoni wauguzi walisema ni hisia tu. Walipoulizwa tukio kwa tukio, zilipatikana dalili halisi: rangi ya ngozi, kulegea kidogo, namna ya kulia. Baadhi ya dalili hizo zilikuwa bado hazijaandikwa katika vitabu vya udaktari. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka mara ngapi nimesikia mwenzangu wodini akisema, "Huyu mtoto simpendi alivyo leo," na mara ngapi tulifanya vyema kumwita daktari kwa maneno hayo tu.

Ni mambo gani ambayo nisiyaamulie kwa machale?

Kamari, kwanza kabisa. Vijana wetu wanaoweka pesa kwenye mechi kwa simu huniambia kwamba siku hiyo walihisi. Palipo na bahati nasibu hakuna utaratibu wa kujifunza, na ile hisia ya uhakika huja kwa nguvu ile ile uwe utashinda au utaliwa.

Mambo ambayo majibu yake huchelewa miaka ni ya namna hiyo pia, hata kwa wataalamu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Meehl alikusanya tafiti zilizolinganisha utabiri wa wataalamu kuhusu watu, kama vile nani atafaulu masomoni au nani atarudia uhalifu, na utabiri wa kanuni sahili za hesabu. Kwa jumla kanuni zililingana na wataalamu au ziliwashinda. Watu hao hawakuwa wajinga. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewarudishia habari ya walikokosea.

Dawa pia ziamuliwe kwa vipimo. Ukihisi kwamba mwili wako una tatizo, amini hisia hiyo kiasi cha kwenda kupimwa, lakini usiitumie kuamua kwamba umepona na kuacha dawa.

Je, ni kweli kwamba wanawake wana machale zaidi?

Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kwa wastani wanawake husoma nyuso na sauti za watu kwa usahihi unaozidi kidogo ule wa wanaume. Tofauti hiyo ni ndogo, na haihusu bahari, injini wala bei ya nazi.

Nikimwona mtu mara ya kwanza nikamchukia, niamini hisia hiyo?

Hapa naomba msomaji awe mkali kwa nafsi yake. Kumbukumbu zetu hazina yale tuliyoyaona kwa macho peke yake. Zina pia yale tuliyosimuliwa tukiwa watoto kuhusu watu wa bara na watu wa pwani, kuhusu Waarabu, Wahindi, Wamijikenda, kuhusu msichana asiyevaa buibui na kijana aliyefuga rasta. Masimulizi hayo yakiamshwa huja na mshtuko ule ule wa moyo, na mtu akaapa kwamba machale yamemcheza, ilhali kilichomcheza ni mazoea ya mtaa wake. Wapo waliokosa nyumba ya kupanga Mombasa hii kwa sababu ya jina tu, na mwenye nyumba alidhani amefuata moyo wake.

Dalili za haraka zina ukweli wake, sikatai. Mwaka 1993 Nalini Ambady na Robert Rosenthal waliwaonyesha watu vipande vya video visivyo na sauti, vyenye jumla ya nusu dakika au pungufu, vya walimu wa chuo wakiwa darasani, na alama walizotoa watazamaji zilikaribiana na zile walizotoa wanafunzi mwishoni mwa muhula. Lakini kukaribiana huko hakuthibitishi kwamba mwalimu aliyependwa ndiye aliyefundisha vizuri. Huenda wote wawili, mtazamaji na mwanafunzi, walivutiwa na tabasamu lile lile.

Jiulize kama ungehisi hivyo hivyo endapo tendo lile lile lingefanywa na mtu wa ukoo wako. Aliyekusimamia karibu mno, aliyekwepa swali mara tatu au aliyemtukana mhudumu mbele yako amefanya jambo, na una haki ya kulipima. Aliyekuwa tu na lafudhi usiyoizoea hajafanya kitu.

Nifanye nini ili machale yangu yawe makali?

Anza na daftari. Ninasema daftari la karatasi kwa sababu mkono unaoandika hupunguza mwendo wa akili, ingawa anayependa simu na atumie simu. Kila unapohisi jambo ambalo jibu lake litajulikana, andika tarehe, hisia yenyewe kwa sentensi moja, kile ulichokiona, na nguvu ya hisia kutoka 1 hadi 10. Acha nafasi ya kuandika kilichotokea. Chagua kwanza mambo ambayo majibu yake huja upesi: kama fundi atakuja siku aliyoahidi, kama kikao kitaisha kwa ugomvi, kama mgonjwa aliyetulia jioni ataamka vibaya. Andika kabla ya kusikia maoni ya wengine, kwani mtu akishasikia la mwenziwe hawezi tena kujua lake lilikuwa lipi.

Baada ya miezi mitatu soma daftari lote kwa kituo kimoja. Mimi niligundua kwamba nilipatia sana kuhusu wagonjwa, nilipatia kiasi kuhusu wafanyakazi wenzangu, na kuhusu fedha nilikosea kana kwamba nimelipwa nikosee. Nilishangaa pia kuona kwamba hisia zangu za nguvu ya 9 kuhusu fedha zilikosea zaidi kuliko zile za 5, kwa hiyo nguvu ya hisia haikuwa kipimo cha ukweli wake.

Jambo la pili ni kujipa mifano mingi ya kitu kimoja. Mshonaji atazame makoti mia kabla ya kuhukumu moja. Mkopeshaji wa chama akae na mhazini mkongwe asikilize maswali anayoyauliza. Mzoefu akisema "hapana", mwulize kwa heshima ameona nini, na akikwama msaidie kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, kama nilivyofanya kwa mjomba pasipo kujua.

La tatu linahusu kuchagua watu, na nimelichukua kwa Kahneman. Katikati ya miaka ya 1950, akiwa askari kijana katika jeshi la Israeli, alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa wanajeshi wapya, ambao wakati huo ulitegemea hisia ya msaili. Aliwaagiza wasaili watoe alama kwa sifa sita, moja baada ya nyingine, kwa maswali ya mambo ambayo kijana amewahi kuyafanya, na mwishoni kabisa wafumbe macho, wamwone kijana huyo akiwa askari, kisha watoe alama moja ya hisia. Matokeo yaliboreka, na ile alama ya macho yaliyofumbwa ilikuwa nzuri sawa na jumla ya zile sita. Kwa hiyo ukitafuta msaidizi wa duka, uliza kwanza kuhusu uaminifu, hesabu, lugha kwa wateja na uchelewaji, uandike alama za kila kimoja, halafu ndipo uuachie moyo useme.

La nne ni la vikundi. Chama cha akina mama kinachotaka kununua viti na mahema ya kukodisha kwenye arusi kikae siku moja na kujifanya kwamba mwaka umepita na biashara imekufa, kila mmoja aandike kwa siri imekufaje. Njia hii ilipendekezwa na Klein, na faida yake ni kwamba yule dada mnyamavu aliyekuwa akihisi jambo tangu mwanzo anapata ruhusa ya kulisema bila kuonekana mwenye mkosi.

Machale yangu yakipingana na wazazi, nifuate lipi?

Wazazi nao wana machale, na katika mambo ya ndoa na watu huenda wamekwisha kusahihishwa na maisha mara nyingi kukushinda. Nenda kwa upole, ukae, useme, "Baba, mama, nisaidieni, mmeona nini?" Wakikuonyesha jambo, una la kulipima. Wakikuonyesha kabila, rudi kwenye lile swali la hapo juu, la kumchukia mtu mara ya kwanza.

Nimewahi kuumizwa sana, na sasa nahisi hatari kila mahali. Je, hayo ni machale?

Mwili uliopata jeraha kubwa, kama kipigo, ajali au ubakaji, hujifunza upesi kupita kiasi, na kisha hulia tahadhari hata mahali pa salama. Hilo halina aibu wala si udhaifu wa imani. Usijilazimishe kufanya mazoezi ya daftari peke yako katika hali hiyo. Tafuta mshauri nasaha au daktari, kwa maana yapo matibabu yanayosaidia, na mtu akishatulia hisia zake huanza tena kutofautisha.

Nilipuuza machale nikapata hasara. Nijilaumu?

Miaka mingi iliyopita nilitaka kununua kiwanja upande wa Mtwapa. Dalali alikuwa mchangamfu, karatasi zilikuwa na mihuri, bei ilikuwa nzuri. Tulipokuwa tukipita njiani alimtolea salamu mzee aliyekaa mlangoni akisuka makuti. Mzee hakuitikia. Vidole vyake vilisimama juu ya makuti, akatazama chini, kisha vikaendelea. Moyo ulikataa hapo hapo, nami nikaubishia kwa siku mbili, nikalipa malipo ya kwanza, na baadaye tulikutana watu watatu tuliouziwa ardhi ile ile.

Kwa muda mrefu nilisema kwamba nilijua tangu mwanzo. Mwaka 1975 Baruch Fischhoff na Ruth Beyth walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliotabiri matokeo ya ziara za Rais Nixon wa Marekani huko China na Urusi mwaka 1972. Walipoulizwa baadaye walitabiri nini, walikumbuka kwamba waliyapa uwezekano mkubwa yale yaliyotokea kuliko walivyokuwa wameyapa kweli. Nami nadhani niliyaongezea machale yangu nguvu baada ya hasara. Nilichokuwa nacho siku ile kilikuwa kidogo na cha kweli: sikujua lolote kuhusu ardhi, lakini nilikua katika mitaa ambayo mtu haachi kuitikia salamu bila sababu. Haikunitosha kukataa kiwanja. Ilinitosha kurudi kesho yake peke yangu, nikae na yule mzee, kisha niende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi wa hati kabla ya kutoa shilingi moja.

Je, mtoto anaweza kufundishwa?

Anaweza, ikiwa ataachiwa achague na akose katika mambo madogo. Bibi yangu alinipeleka soko la samaki la Mji wa Kale nikiwa na miaka minane, akanipa pesa na kuniambia, "Chagua wewe, mjukuu wangu." Nilichagua samaki aina ya changu, mkubwa aliyeng'aa, kwa sababu muuzaji alikuwa amemmwagia maji muda huo huo. Bibi hakusema kitu. Nyumbani alinipa kisu nimpare mwenyewe, na nilipofunua matamvua niliona yamegeuka rangi ya matope, na harufu ikanipanda puani. Siku ile tulikula mchicha. Wiki iliyofuata alinipa pesa tena, akasimama nyuma yangu, nami kidole changu kikaenda chenyewe kwenye nyama, karibu na mgongo, nikabonyeza na kungoja kuona kama itarudi.

Alifanya hivyo karibu kila Ijumaa kwa mwaka mzima, na hakuwahi kunitajia hata mara moja dalili za samaki mbichi.